Vyombo vya Kidijitali na Ufundishaji wa Usemi wa Kiingereza katika Shule za Upili nchini Kenya: Mafunzo kwa Mwalimu wa Lugha

IKISIRI

Makala haya yanachunguza matumizi ya vyombo vya kidijitali na vyombo vya habari katika kufundisha Kiingereza katika shule za upili nchini Kenya. Msisitizo umewekwa katika stadi za kusikiliza na kuzungumza, ambazo silabasi inazitaja kwanza ilhali mtihani wa kitaifa unazipima kwa kalamu na karatasi. Hoja kuu ni kwamba thamani ya chombo haimo katika bei wala upya wake, bali katika stadi ambayo chombo hicho kinaweza kuifunza kuliko ubao na chaki. Makala yanaonyesha jinsi rununu moja ya mwalimu, redio na taarifa za habari za runinga zinavyoweza kumpa mwanafunzi fursa ya kusikia na kusikika. Aidha, yanaeleza kwa nini maarifa ya fonolojia ya Kiswahili ni nyenzo muhimu kwa mwalimu wa Kiingereza. Mwisho, yanatoa mapendekezo yanayohusu pia ufundishaji wa Kiswahili.

1.0 UTANGULIZI

Katika shule nyingi za upili nchini Kenya, mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili huketi katika idara moja, yaani idara ya lugha. Hufundisha wanafunzi wale wale na husahihisha insha za mikono ile ile. Ni jambo la kushangaza, basi, kwamba walimu hawa wawili huzungumza kwa nadra kuhusu namna lugha moja inavyojitokeza ndani ya nyingine. Mjadala kuhusu teknolojia ya habari na mawasiliano katika elimu nao umeelekea kuwa mjadala wa vifaa: ni shule ngapi zina tarakilishi, na ni ngapi zimeunganishwa na umeme na intaneti. Swali la vifaa hivyo vifanye nini ndani ya kipindi cha dakika 40 cha somo la lugha limeachwa nyuma.

Makala haya yanalianza swali hilo upande wa pili. Yanauliza kwanza ni stadi gani ya Kiingereza ambayo mwanafunzi wa Kenya huinyimwa zaidi, kisha yanatafuta chombo kinachofaa kuijaza nafasi hiyo.

2.0 USULI WA KIHISTORIA

Matumizi ya vyombo vya habari katika kufundisha Kiingereza nchini Kenya hayakuanza na tarakilishi. Mapema katika miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya ilishiriki katika mradi uliojulikana kama Radio Language Arts Project, uliofadhiliwa na Marekani. Mradi huo ulifundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule ya msingi, kwa vipindi vya nusu saa. Upya wake haukuwa katika redio yenyewe, kwani matangazo ya shule yalikwishakuwapo. Upya ulikuwa katika muundo wa kipindi: sauti ya redioni iliuliza swali, ikanyamaza kwa sekunde chache, nao watoto wakajibu kwa sauti kabla ya redio kutoa jibu sahihi. Kwa njia hiyo mtoto alisikia, alisema, na alirekebishwa papo hapo, mara nyingi ndani ya kipindi kimoja.

Baada ya hapo yalifuata mawimbi mengine. Mwaka 2006 Wizara ya Elimu ilitoa mkakati wa kitaifa wa teknolojia ya habari na mawasiliano katika elimu. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Mombasa na kufungua njia ya intaneti ya kasi zaidi. Mwaka 2013 Taasisi ya Elimu ilibadilishwa kisheria ikawa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, na mwaka 2016 serikali ilianza kusambaza vipakatalishi vidogo katika shule za msingi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa COVID-19, masomo ya redio, runinga na mtandao yaligeuka kuwa mlango pekee kwa wanafunzi wengi, na pengo kati ya nyumba yenye umeme na nyumba isiyo nao likaonekana waziwazi.

Funzo linalotokana na historia hii ni moja. Mradi wa redio wa miaka ya 1980 ulitumia chombo duni kwa kipimo cha leo, lakini ulimfanya mtoto aseme. Vyombo vingi vilivyofuata ni bora zaidi kwa kila kipimo, lakini mara nyingi vimemfanya mwanafunzi atazame tu.

3.0 MSINGI WA KINADHARIA

Mnamo 1983 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Richard Clark, alizua ubishi mkubwa alipodai kwamba vyombo ni vichukuzi tu vya mafunzo. Kwa maoni yake, chombo hakibadilishi kujifunza, kama vile lori linaloleta chakula sokoni lisivyobadilisha virutubishi vya chakula hicho. Robert Kozma alimpinga katika miaka ya 1990 kwa kusema kwamba kila chombo kina uwezo wake maalumu, na kwamba mwalimu anayeujua uwezo huo anaweza kumfanya mwanafunzi afikiri kwa namna ambayo chombo kingine hakiruhusu.

Misimamo hii miwili inaweza kupatanishwa darasani. Mwalimu anayechukua madondoo yake ya sarufi na kuyaonyesha ukutani kwa projekta amethibitisha hoja ya Clark: lori limebadilika, mzigo ni ule ule. Lakini ubao hauwezi kuhifadhi sauti ya mwanafunzi na kumrudishia aisikie. Kinasasauti kinaweza. Hapo hoja ya Kozma inapata nguvu, na hapo ndipo makala haya yanapojengwa.

Nadharia ya pili ni ya uchanganuzi linganishi, ambayo Robert Lado aliieleza mwaka 1957. Msingi wake ni kwamba mengi ya yanayomtatiza anayejifunza lugha ya pili yanaweza kutabiriwa kwa kulinganisha lugha hiyo na lugha anayoijua tayari. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba si makosa yote hutoka katika lugha ya kwanza. Hata hivyo, katika uwanja wa matamshi nadharia hii bado ina manufaa makubwa.

4.0 USEMI UNAOTAHINIWA KWA KALAMU

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE ina alama 60: alama 20 za uandishi wa kiuamilifu, 10 za kujaza mapengo, na 30 za stadi za usemi. Kwa hesabu hiyo, usemi umepewa nusu ya karatasi. Lakini mtahiniwa hasemi neno lolote. Huulizwa aonyeshe silabi inayobeba shadda, aandike neno linalotamkwa sawa na jingine, aeleze iwapo kiimbo cha sentensi hupanda au hushuka, au ataje kasoro za adabu katika mazungumzo yaliyoandikwa.

Matokeo yake yanatabirika. Mwanafunzi anaweza kukariri kwamba nomino "record" hubeba shadda katika silabi ya kwanza na kitenzi "record" katika silabi ya pili, akapata alama zote, na asiweze kutofautisha maneno hayo mdomoni mwake. Alama hizo hazimfai siku anapoketi mbele ya jopo la mahojiano ya kazi, wala anapopigiwa simu na mtu asiyemwona uso. Anayeumia zaidi ni mwanafunzi wa shule ya kutwa ya kijijini, kwa kuwa yule wa mjini huenda akakisikia Kiingereza nyumbani, dukani na mtandaoni. Kwa mwanafunzi wa kijijini, shule ndiyo mahali pekee pa kukisikia na kukisema, nayo shule imemfundisha kukiandika tu.

Ikumbukwe kwamba jambo hili si la lazima. Katika mtihani huo huo wa KCSE, watahiniwa wa Kifaransa na Kijerumani hutahiniwa kwa kusikiliza na kwa kuzungumza ana kwa ana na mtahini. Tofauti iko katika idadi. Mwaka 2024 watahiniwa wa KCSE walizidi 900,000, na Kiingereza ni somo la lazima. Iwapo kila mmoja angezungumza na mtahini kwa dakika 10, zingehitajika dakika 9,000,000, yaani saa 150,000. Kizuizi, basi, ni cha gharama na watu, wala si cha kitaaluma. Na kizuizi cha aina hii ndicho ambacho vyombo vya kurekodi sauti vinaweza kukipunguza, kwa sababu sauti iliyohifadhiwa shuleni inaweza kusikilizwa na kukadiriwa baadaye.

5.0 FONOLOJIA YA KISWAHILI KAMA NYENZO YA MWALIMU WA KIINGEREZA

Kiswahili sanifu kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza kina irabu sahili zipatazo 12, pamoja na irabu unganifu 8. Mwanafunzi anayesikiliza kwa sikio la irabu tano huyaweka maneno "cat", "cut" na "cart" katika kikapu kimoja cha irabu /a/. Vivyo hivyo "sit" na "seat" huwa neno moja, na "full" na "fool" hutamkwa pasipo tofauti. Tatizo hili haliponi kwa maelezo ya ubaoni, kwa sababu asiyesikia tofauti hawezi kuitamka. Tiba huanzia sikioni.

Juu ya Kiswahili kuna lugha nyingine za mama. Gikuyu haina fonimu /l/, Dholuo haina sauti inayoandikwa "sh", na katika lugha za Kalenjin tofauti kati ya vipasuo ghuna na visivyo ghuna haibadilishi maana. Mwanafunzi anayeteleza katika sauti hizo hana upungufu wa akili. Anatii kanuni za lugha aliyoimudu tangu utotoni. Mwalimu anayelijua hili hatamkejeli mbele ya wenzake, na mwanafunzi asiyekejeliwa huthubutu kusema tena.

Kuhusu shadda, Kiswahili huiweka katika silabi ya pili kutoka mwisho: "soma" hubeba shadda katika "so", lakini "someni" huibeba katika "me". Kanuni hii ni thabiti kiasi kwamba mwanafunzi huihamishia katika Kiingereza bila kujua. Hata hivyo, Kiswahili chenyewe kina mfano unaoweza kumzindua. Neno "barabara" likibeba shadda katika silabi ya tatu humaanisha njia kuu. Likibeba shadda katika silabi ya pili humaanisha sawasawa au kwa ukamilifu. Mwanafunzi aliyezoea tofauti hii tayari anajua kwamba shadda inaweza kutenga maana. Mwalimu wa Kiingereza anayeanzia hapo atakuwa ametoka katika jambo linalojulikana kwenda katika jambo geni.

6.0 MBINU ZA DARASANI

6.1 Rununu moja kama maabara ya sauti

Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na rununu, na makala haya hayadai kanuni hiyo ivunjwe. Rununu ya mwalimu yenye kinasasauti, pamoja na spika ndogo, inatosha. Kipindi cha dakika 40 katika darasa la wanafunzi 50 kinaweza kupangwa kama ifuatavyo:

(a) Dakika 5: Mwalimu anaandika sentensi mbili za Kiswahili zenye neno "barabara" na kuuliza zinatofautianaje zikisomwa.
(b) Dakika 8: Wanafunzi wanasikiliza sentensi zilizorekodiwa zenye "record", "present", "permit" na "conduct", wakiinua mkono mmoja kwa nomino na miwili kwa kitenzi. Hakuna kinachoandikwa ubaoni.
(c) Dakika 7: Wanafunzi wanafanya mazoezi katika makundi kumi ya watu watano.
(d) Dakika 8: Makundi matano yanarekodiwa kwa zamu, matano mengine yatarekodiwa katika kipindi kinachofuata.
(e) Dakika 8: Sauti zinachezwa. Wenzao wanaamua kila neno lilisikika kama nomino au kitenzi.
(f) Dakika 4: Mwalimu anaweka kanuni wazi, nao wanafunzi wanaiandika.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kanuni inakuja mwisho, baada ya sikio kufanya kazi. Pia, anayeamua iwapo neno limeeleweka ni msikilizaji, kama ilivyo katika maisha.

6.2 Taarifa ya habari katika lugha mbili

Kwa miaka mingi vituo vikuu vya runinga nchini Kenya vimesoma taarifa ya habari kwa Kiswahili saa moja usiku na kwa Kiingereza saa tatu usiku. Tukio moja, kwa hivyo, husimuliwa mara mbili katika usiku mmoja. Mwalimu anaweza kuteua habari moja fupi na kuwasikilizisha wanafunzi matoleo yote mawili. Toleo la Kiswahili huwapa maana. Toleo la Kiingereza huwapa namna ya kusema. Wanafunzi hulinganisha mpangilio wa taarifa, vitenzi vilivyotumiwa na mahali ambapo msomaji anapumua. Zoezi hili linafaa sana iwapo mwalimu wa Kiswahili na yule wa Kiingereza watalipanga pamoja, kila mmoja akilitumia katika kipindi chake.

6.3 Tamthilia inayosikika

Fasihi nayo inanufaika. Tamthilia ya A Doll's House ya Henrik Ibsen, iliyoandikwa mwaka 1879 na iliyowahi kuteuliwa kutahiniwa katika KCSE, inapatikana bila malipo katika maktaba ya kidijitali ya Project Gutenberg, kwani muda wa hakimiliki wa tafsiri yake ya zamani umekwisha. Tamthilia hiyo inamalizika kwa sauti ya mlango unaofungwa baada ya Nora kuondoka. Mwanafunzi anayesoma kimyakimya hupita juu ya sauti hiyo. Makundi yakirekodi onyesho la mwisho kwa sauti zao, kila kundi litalazimika kuamua mlango usikike vipi na baada ya kimya cha urefu gani. Katika uamuzi huo mna uhakiki wa mhusika kuliko ule unaopatikana katika vitabu vya mwongozo.

6.4 Uandishi na programu za kusahihisha

Programu za kuchapa maneno husaidia katika tahajia, lakini mwalimu atahadhari. Sentensi "He borrowed me a book" haina kosa la tahajia. Chanzo chake ni kitenzi "azima", ambacho katika matumizi ya watu wengi hubeba maana ya kutoa na ya kupokea pia. Anayeandika "I heard a bad smell" ametafsiri "nilisikia harufu mbaya". Anayemwita mama mzazi "he" ameongozwa na kiwakilishi "yeye", kisichobagua jinsia. Programu inaweza kulipita kosa la namna hii, au ikalisahihisha bila kueleza lilikotoka. Tahadhari hii ina uzito zaidi leo, ambapo programu za akili unde zinaweza kuandika insha nzima. Insha iliyoandikwa na programu haimfunzi mwanafunzi. Usemi wake mwenyewe uliorekodiwa papo hapo darasani ni vigumu zaidi kuazima.

7.0 CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni miundombinu. Katika shule nyingi maabara ya tarakilishi hutumiwa na somo la kompyuta na shughuli za ofisi, hivi kwamba mwalimu wa lugha haipati. Ndiyo sababu mbinu zilizopendekezwa hapa hazitegemei maabara wala intaneti: faili hupakuliwa mara moja na kubebwa katika flashi au kadi ya kumbukumbu.

Ya pili ni kielelezo cha matamshi. Mtandao umejaa lafudhi za Marekani, Uingereza, Nigeria na India, na mwanafunzi anaweza kudhani kwamba kusema vizuri ni kuiga puani. Lengo liwe kueleweka. Wasemaji wa Kenya wenye ufasaha, wakiwamo watangazaji na walimu wenyewe, ni vielelezo halali. Kwa sababu hiyo hiyo, programu za kutambua usemi zisifanywe hakimu wa mwisho, kwani nyingi zimefunzwa zaidi kwa sauti za wasemaji wa Marekani na Uingereza.

Ya tatu ni faragha. Sauti ya mtoto ni data yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Rekodi zisisambazwe katika makundi ya mtandaoni, na zifutwe kazi yake inapokwisha.

Ya nne, na iliyo kubwa kuliko zote, ni mtihani. Mwalimu anayepimwa kwa wastani wa alama atafundisha kinachotahiniwa. Kumlaumu bila kuugusa mtihani ni kumwonea.

8.0 MAPENDEKEZO NA HITIMISHO

Makala haya yanapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mwanafunzi arekodiwe walau mara moja kila muhula, ili ifikapo mwisho wa mwaka aweze kuisikia sauti yake ya mwanzo na ya mwisho. Pili, vyuo vikuu viwafunze walimu watarajiwa wa Kiingereza misingi ya fonolojia ya Kiswahili, na walimu watarajiwa wa Kiswahili mbinu za kurekodi na kuchanganua usemi. Tatu, idara za lugha zipange vipindi vya pamoja kama ule wa taarifa za habari. Nne, mfumo wa elimu ya umilisi, ambao kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, uitumie nafasi ya tathmini ya shuleni kuukadiria usemi kwa usemi. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Lisingepaswa kuondoka na dosari hii ikarithiwa na lile linalofuata.

Mwanafunzi wa Kiswahili asiyasome haya kama habari za jirani. Silabasi ya Kiswahili nayo hutanguliza kusikiliza na kuzungumza, na mtihani wake wa KCSE nao hufanywa kwa insha, lugha na fasihi, vyote kwa maandishi. Mtahiniwa anaweza kufafanua rejista ya hospitali na asiweze kumweleza daktari kwa ufasaha kinachomuuma. Waswahili wamesema udongo uwahi ungali maji. Ulimi wa mwanafunzi anayeanza shule ya upili bado ni udongo maji, na chombo cha kuufinyangia tayari kiko mfukoni mwa mwalimu wake.